Mnyonya Damu Aliyebisha Hodi Umoja

Perez Adhiambo alikuwa na tabia moja iliyomkera shangazi yake: hakuingia chumba chochote bila kwanza kusimama mlangoni, kufumba jicho moja na kutazama. Alitazama jikoni hivyo, alitazama bafuni hivyo, na Jumapili moja alilitazama kanisa zima hivyo huku watu wakimsukuma kutoka nyuma.

"Wewe, unatafuta nini?" Shangazi Roseline alikuwa akiuliza. "Chumba kimehama?"

"Natafuta mahali pa kamera, shangazi."

"Kamera ipi?"

Na kweli kamera ilikuwa moja tu, ilikuwa ya chuo, na hakuna aliyejua ingeangukia mikononi mwa nani.

Ulikuwa mwaka wa 1985. Perez alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na mambo ya filamu hayakumjia kwa urahisi. Baba yake, mfanyakazi wa reli kule Kisumu, alikuwa amemtafutia nafasi katika shule ya taipu. Alisema mwanamke anayejua kupiga chapa hakosi ofisi, na katika hilo hakuna aliyeweza kumpinga. Aliyemwokoa Perez ni Roseline, dada ya baba yake, karani wa baraza la jiji na mjane anayeheshimika mtaani Umoja. Roseline alisafiri hadi Kisumu, akaketi mbele ya kaka yake, akasema, "Nipe mtoto huyu mwaka mmoja. Ataishi kwangu, atasoma hiyo filamu yake. Mwaka ukiisha bila filamu yenye jina lake, mimi mwenyewe nitamshika mkono nimpeleke kwenye taipu."

Mwaka ulikuwa unaisha. Darasani zilikuwa zimebaki hadithi mbili, na utepe wa filamu wa kutosha kupiga hadithi moja tu. Kundi la kwanza lilikuwa na kichekesho juu ya mtu aliyenunua televisheni kabla ya nyumba yake kuwekewa umeme. Kundi la pili lilikuwa Perez na rafiki yake Naftaly, na hadithi yao ilikuwa ya mnyonya damu. Watakaoshindwa wangebeba vyombo vya washindi na kufagia baada yao, na majina yao yasingeonekana popote.

Mwalimu wao, Abukar, mtu mrefu wa Eastleigh aliyesomea kazi hii ng'ambo, hakuicheka hadithi ya Perez. Alisimama ubaoni, akaeleza jinsi hadithi za namna hiyo zinavyojengwa tangu zamani: ngome kuukuu yenye vyumba vingi visivyo na mwanga, mgeni wa ukoo mkubwa, msichana aliyevaa nyeupe, jeneza, kioo kisichoonyesha sura yake.

"Na msisahau hili," alisema huku akipangusa chaki mikononi. "Mnyonya damu haingii nyumba ya mtu mpaka akaribishwe. Husimama kizingitini akangoja neno."

Darasa lilicheka. Naftaly, kijana mwembamba kama mlingoti wa taa, aliyechaguliwa kuwa mnyonya damu kwa sababu ya wembamba huo, aliinua mkono. "Mwalimu, huyo akija Umoja atazeeka nje. Kwetu mtu anapiga hodi akiwa tayari amekaa kwenye kiti."

Perez naye alicheka, na jambo hilo la kizingiti akaliweka kando. Mchana milango ya Umoja ilikuwa wazi, pazia tu likipepea. Lingemsaidia nini?

"Perez," Mwalimu Abukar alisema, "ngome yako iko wapi?"

"Nyumbani kwa shangazi yangu, Mwalimu."

Kicheko kikazidi. Abukar alingoja kiishe.

"Sawa. Lakini nina maswali mawili. Mnyonya damu huogopa jua, na chuo hakina taa za kupigia filamu usiku. Utalipata wapi giza la mchana, na ukilipata, kamera itaonaje ndani yake? Hilo la kwanza. La pili ni gumu zaidi. Nani ataogopa, na ataogopa nini? Ngome haimtishi mtu. Ngome ni mawe. Nitakuja Jumamosi mchana kuona, na hapo ndipo nitakapoamua."

Swali la kwanza Perez alikuwa na jibu lake. Nyumba ya Roseline, kama nyingi za Umoja, ilijengwa ikiwa ndogo, kisha ikarefushwa. Mumewe, marehemu Obura, aliongeza chumba upande wa nyuma, baadaye kingine ubavuni mwa kile, kila alipopata mawe na saruji. Matokeo yake ni kwamba chumba cha kwanza cha kulala kilimezwa katikati. Dirisha lake, lenye vyuma na pazia kama madirisha mengine yote, lilifunguka ndani ya chumba kingine. Saa sita mchana mtu alihitaji kupapasa ili apate kitanda. Usiku wake wa kwanza mle Perez alifungua dirisha apate hewa, akakuta kabati. Alicheka peke yake hadi machozi yakamtoka, na tangu siku ile akajua kwamba nyumba ile ilikuwa ngome.

Kuhusu mwanga, alikuwa na kioo cha kabati la shangazi. Ukikisimamisha uani kikalipokea jua, ukakigeuza polepole, mwale ungepita mlango wa nyuma, uvuke ukumbi mwembamba, uingie chumba cha katikati na kutua ukutani. Kamera isingehitaji zaidi ya hapo.

Swali la pili alilijibu kwa jeneza. Aliona kwamba jeneza litamtisha yeyote. Kwa hiyo Ijumaa alikwenda kwa Mbuthia, fundi aliyetengeneza majeneza kando ya Outer Ring Road, akamwomba la kuazima.

Mbuthia aliacha randa. "La kuazima? Mama, hakuna mteja wangu hata mmoja aliyewahi kunirudishia."

"Ni la maigizo, fundi. Jumamosi asubuhi mpaka jioni. Halitapata hata mkwaruzo."

"Na nani atalala ndani?"

"Kijana anaitwa Naftaly."

"Anajua?"

"Anajua. Amekubali."

Mbuthia alitikisa kichwa kwa muda mrefu, kisha akacheka, akakubali. "Vijana wangu watalileta na mkokoteni. Nyumba ya nani?"

"Kwa Mama Ochola, wa baraza la jiji," alisema Perez, kwani mtaani Roseline aliitwa kwa jina la mwanawe wa pekee aliyekuwa shule ya bweni huko magharibi. Akaenda zake amefurahi. Shangazi yake alimwambia tu kwamba mwalimu atakuja na kwamba vitaletwa vyombo vya maigizo. Hakutaja ni vyombo gani.

Perez hakufikiria desturi ya Mbuthia. Katika maisha yake yote fundi huyo hakuwahi kutoa jeneza karakanani likiwa wazi kama meza au kabati. Kwa heshima, alilifunika kwa shuka jeupe na kubandika juu yake msalaba wa kitambaa cha zambarau. Vijana wake nao walikuwa wamezoea kazi yao. Walivua kofia, wakausukuma mkokoteni polepole, wakiinamisha vichwa, na kila walipopita mtu aliacha alichokuwa akifanya. Walipofika kwenye duka dogo la Mama Wacuka, jirani wa mlango wa pili, waliuliza kwa sauti ya chini, "Ni wapi kwa Mama Ochola?"

Mama Wacuka aliyaweka chini maharagwe aliyokuwa akipima. Asubuhi ile alikuwa amemwona Mama Ochola akienda kazini, na sasa lile jeneza linakwenda kwake. Alifunga duka, akajitanda leso, akaanza kulia.

Wakati huo Perez alikuwa ndani ya chumba cha katikati, gizani, ameinamisha kichwa kama mwindaji. "Kushoto!" alipiga kelele. "Kushoto kidogo!"

"Mikono inakufa, manze!" Naftaly alijibu kutoka uani, alikoshika kioo. Alikuwa tayari amevaa vazi lake la mnyonya damu, joho jeusi la kwaya lililoshonewa kola ndefu.

"Usitikisike!"

Ndipo mwale ukaingia. Ulipita mlango, ukavuka ukumbi, ukatua ukutani ukiwa umekatwa vipande na kivuli cha vyuma vya lile dirisha lisilotazama nje. Perez alifumba jicho moja. Ilikuwa ngome kweli. Alisimama pale akitabasamu, akasikia wimbo.

Mwanzoni alidhani ni redio. Kisha akatambua sauti nzito ya Mzee Dedan, mzee wa kanisa aliyeishi ng'ambo ya barabara, na sauti za kina mama zikimfuata. Zilitoka sebuleni mwao.

Alipofungua mlango wa sebule alikuta pamejaa. Viti vya majirani vilikuwa vimeshaletwa, mabenchi ya kanisa yalikuwa yanaingia, jikoni mtu alikuwa amewasha stovu, na katikati, juu ya stuli mbili, lilikuwa jeneza na shuka lake jeupe. Kabla hajasema neno, Mama Wacuka alimkumbatia hadi uso wake ukapotea ndani ya leso.

"Jikaze, mwanangu! Jikaze! Alikuwa mama yetu sote!"

"Mama Wacuka, sikiliza..."

"Usiseme kitu. Lia tu."

"Lakini hakuna..."

"Najua hakuna kama yeye! Hakuna!"

Naftaly aliingia kutoka uani na joho lake, akifuta jasho. Mzee Dedan alimwona, akasimama kwa adabu. "Asante kwa kuja upesi, mchungaji. Tutangulizie kwa sala."

Naftaly alimtazama Perez juu ya bega la Mama Wacuka, macho yamemtoka. Watu walikuwa wameshainamisha vichwa. Akafumba macho, akasali, na baadaye wote walikiri kwamba ilikuwa sala nzuri.

Ni katikati ya sala hiyo Mwalimu Abukar alipofika. Alisimama mlangoni, akaona, akavua viatu ingawa hakuna aliyemwomba, akapewa nafasi kwenye benchi. Sala ilipoisha alimwinamia Perez, ambaye Mama Wacuka alikuwa amemwachilia hatimaye.

"Pole sana, binti. Sikujua. Usifikirie habari za filamu sasa. Lile kundi lingine litaanza, nawe utapumzika."

Perez alitikisa kichwa. Alifungua mdomo aeleze, na palepale, nyuma ya migongo ya waliosimama mlangoni, sauti ikasema:

"Hodi?"

Ilikuwa sauti ndogo. Roseline alikuwa ametoka kazini, akapitia sokoni, na kiondo chake kilikuwa na kabichi na nyanya. Alikuwa amesikia nyimbo za msiba tangu kona ya barabara, na kila nyumba aliyoipita alijiambia ni hii, mpaka akafika kwake. Mtu haingii ghafla penye msiba, hata kama msiba uko nyumbani kwake mwenyewe. Alibisha hodi, kama alivyofundishwa, akangoja.

Watu wakageuka.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo Perez alilolikumbuka maisha yake yote. Mzee Dedan alibaki na kitabu cha nyimbo mkononi, mdomo wazi. Mama aliyekuwa akimimina chai aliendelea kumimina, chai ikajaa kikombe, ikafurika, ikatiririka sakafuni, na hakuna aliyeitazama. Mwanga wa mchana ulikuwa nyuma ya Roseline, kwa hiyo uso wake haukuonekana vizuri, umbo lake tu na kiondo.

"Hodi, jamani," alirudia.

Neno dogo ambalo kila mtu mle alilisema mara elfu bila kufikiri halikutoka kinywani mwa yeyote. Mama Wacuka alitikisa kichwa polepole, kama anayemkataza mtu. Na Perez, kwa tabia yake ile, alifumba jicho moja. Aliona aibu papo hapo, lakini alikwisha kuona: mlango ulio wazi, pazia linapepea, mtu anangoja neno, na chumba kizima cha watu wanaompenda hakithubutu kulitamka.

Kisha akaona kitu kingine. Macho ya shangazi yake yalikuwa yametua kwenye lile shuka jeupe, na midomo yake ilikuwa ikitengeneza jina la mtoto wake.

Perez alipenya kati ya watu, akamshika mkono.

"Karibu, shangazi. Karibu nyumbani. Ochola mzima. Hakuna aliyekufa. Jeneza ni tupu. Ni la filamu yangu."

Roseline alivuka kizingiti. Alikwenda moja kwa moja kwenye jeneza, akaondoa shuka, akainua kifuniko, akatazama ndani. Akakirudisha. Akaketi. Ndipo vilio vikaanza upya, vya aina nyingine, na Mama Wacuka akamshika mashavu, mabega, magoti, kama anayechagua viazi, huku akimtukana kwa furaha.

"Unatuua wewe! Nimefunga duka! Nimekulilia mpaka sauti imekwisha!"

"Nani alikwambia nimekufa?"

"Jeneza lilikuulizia kwa jina!"

Kicheko kililipuka, lakini Roseline hakucheka. Alingoja kitulie, kisha akamgeukia Perez.

"Chumba hiki kimepokea jeneza mara moja," alisema. "Lililala pale pale, usiku mmoja, kabla ya safari ya kumpeleka Obura nyumbani kuzikwa. Ulijua?"

"Nilijua, shangazi."

"Ulijua, ukaleta."

"Sikufikiria. Nilifikiria picha tu."

"Litoke."

Naftaly na wanaume wengine wanne walilibeba nje na kulifunika tena kwa shuka. Mwalimu Abukar alikuwa ameketi kwenye benchi wakati huu wote, akianza kuelewa. Perez alimtazama, akaiona shule ya taipu kwa uwazi kabisa, na meza yake, na utepe wake mweusi.

"Basi," Abukar alisema, si kwa ukali, "hadithi yako haina jeneza tena. Imebaki na nini?"

Ilikuwa rahisi kusema haina kitu. Badala yake Perez aliutazama mlango.

"Imebaki na hodi, Mwalimu. Nilikuwa nimeiacha kwa sababu niliona haina maana huku. Nilikosea. Sihitaji bwana wa ukoo mkubwa kutoka mbali. Ni mama wa mtaa huu huu. Watu wamekusanyika kumlilia, ni mchana, chai iko motoni. Naye anakuja, ametoka sokoni, anabisha hodi kwake. Wanampenda. Wakisema karibu, ataingia. Wakinyamaza, wamemfukuza mama yao. Hapo ndipo wanapoogopa." Alivuta pumzi. "Na giza ninalo. Njoo uone."

Alimpeleka chumba cha katikati. Naftaly alikimbilia uani kushika kioo, na mwale ukaingia ukiwa umekatwa vipande kama asubuhi. Abukar aliligusa lile dirisha, akalifungua, akakuta kabati. Alicheka kimya kimya, mabega yakitikisika.

"Nani alijenga hii?"

"Mume wangu," alisema Roseline. Alikuwa amewafuata na kusimama mlangoni. "Kila mtu alimcheka kwa sababu ya hilo dirisha. Alisema atalihamisha akipata nafasi." Aliutazama mwale ukutani. Tangu vyumba vile viongezwe hakuwa amekiona chumba hicho kikiwa na jua. "Sikujua kinaweza kupendeza hivi."

Kisha Abukar akauliza, "Na nani atakuwa huyo mama wa mlangoni?"

Mama Wacuka, aliyekuwa amejipenyeza nyuma yao, alimwashiria Roseline kwa kidevu.

"Mimi?" Roseline alisema. "Mimi nimeshakufa mara moja leo. Inatosha."

"Umekufa vizuri, lakini," alisema Mama Wacuka. "Mimi niliamini."

"Mathe, bila wewe hakuna filamu," Naftaly alisema kutoka uani. "Na mimi nilishakuombea, sala haiwezi kupotea bure."

Roseline alimtazama mpwa wake. Kaka yake alikuwa amepewa ahadi, na mtoa ahadi alikuwa yeye.

"Jeneza halirudi ndani ya nyumba hii," alisema.

"Halirudi, shangazi."

"Na sivai nyeupe. Nitavaa gauni langu la kanisani, lile la samawati."

"Na kiondo?"

"Kiondo ni changu. Kabichi tutakula jioni."

Abukar alivaa viatu vyake, kisha akabadili nia, akavivua tena. "Kabla sijasema ndiyo," alisema, "nionyesheni mara moja."

Kwa hiyo wakajaribu. Majirani wote walirudi sebuleni, kwa kuwa chai ilikuwa imeshaiva na hakuna aliyetaka kwenda. Mzee Dedan alianzisha wimbo. Roseline alitoka nje, akangoja, akaja kizingitini na kiondo chake.

"Hodi?"

"Karibu!" sebule nzima ikajibu kwa pamoja.

"Jamani!" Perez alilalamika. "Msikaribishe!"

"Imetoka yenyewe," alisema Mzee Dedan kwa aibu.

Walirudia. "Hodi?" "Karibu, m..." akaanza Mama Wacuka, akajiziba mdomo kwa leso. Walirudia tena, na safari hii mtoto wa mtu alijibu kutoka jikoni. Kila mmoja alimlaumu mwenzake. Mwanamke mmoja alisema dhambi nyingine anaziweza, lakini kumwacha mgeni mlangoni hakufundishwa kwao.

"Basi ndiyo kazi yenyewe," alisema Perez. Hakujua sauti yake ilikuwa imebadilika, lakini Abukar alisikia. "Ushike ulimi. Umtake aingie, na ushike ulimi."

Roseline akatoka tena. Wimbo ukaanza, ukafika ubeti wa pili. Pazia likapepea.

"Hodi?"

Kimya. Mtu akameza mate. Roseline alisimama mwanga ukiwa nyuma yake, akawatazama mmoja mmoja, akatabasamu kidogo, tabasamu ambalo hakuna aliyemwomba alitoe.

"Hodi, jamani."

Perez alifumba jicho moja. Nywele za mikono yake zilikuwa zimesimama. Kando yake Mwalimu Abukar, bila kuondoa macho mlangoni, alisema kwa sauti ya chini kabisa:

"Jumatatu, njoo uchukue kamera."